Nilikwenda Brussels Kumchukua Mama Mkubwa Zaituni

Walimu wenzangu, tangu nirudi mnaniuliza jambo lile lile: "Saumu, ulikwenda kumchukua mama yako mkubwa, mbona umerudi peke yako?" Nimewajibu kwa kucheka, nimewajibu kwa kuwakaribisha chai, na mmoja wenu nilimkaripia, anisamehe. Barazani kwetu siwezi kusema. Mama yangu, Bi Tausi, macho yamefifia, lakini masikio yake yanasikia hata kijiko kikianguka jikoni kwa jirani. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Someni, kisha yaishie kwenu.

Kwa wasiomjua, Zaituni ni dada mkubwa wa mama yangu. Wote wawili ni wazaliwa wa Buyenzi, ule mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Nchi ilipokaribia uhuru, Zaituni ndiye aliyeingia nyumba baada ya nyumba kuwaambia wanawake kwamba kura ni yao pia, watoke wakapige, wasiwaachie waume. Kabla ya hapo alikwisha gombana na wanaume wa mtaa kwa kuwafundisha wake zao kusoma, na aliwahi kusimama mlangoni kwa mjane mmoja mpaka shemeji zake wakamrudishia nyumba yake. Vurugu zilipotutawanya, sisi tulivuka mpaka tukaja Ujiji, yeye akaishia Ubelgiji. Kwa zaidi ya miaka ishirini dada hawa wawili wameishi kwa salamu. Mwaka huu wa tisini na tano mama akasema salamu zimemtosha.

"Mlete dada yangu," aliniambia. "Usirudi na salamu."

Mambo ya tiketi na viza nawaondolea, yanachosha kuliko safari yenyewe.

Reli

Mnaijua reli yetu, sitaieleza sana. Garimoshi lilikufa baada ya Tabora, porini, jua likiwa kali, na fundi akatuambia tuwe na subira kama vile tungeweza kuwa na kitu kingine. Nilikuwa nimebeba mizigo ya Zaituni: migebuka mikavu ya ziwani kwetu, dagaa, na mawese katika dumu nililolifunga kwa nailoni mara nyingi mpaka likawa mviringo. Harufu ikajaza behewa. Mama mmoja wa Kigoma alininong'oneza kwamba abiria wa behewa la pili wanauliza nani anapika.

Nilipomwambia namfuata mama mkubwa Ulaya ili nimrudishe kwao, alinitazama kwa huruma. "Watu wanapeleka huko, wewe unarudisha," akasema. Kisha akanipa muhogo wa kuchemsha, tukala pamoja, akanisimulia habari za wanawe wote. Nilikuwa na raha. Nilijiona nimekwisha mpata Zaituni, bado tu kumfunga kamba na kumpandisha garimoshi la kurudi.

Uwanja wa Ndege

Ndegeni sina la kusimulia isipokuwa kwamba nilikula kila nilichopewa, pamoja na siagi niliyodhani ni peremende. Uwanjani Brussels, kijana wa forodha alifungua begi langu, akaona dagaa wakimtazama. Akarudi nyuma. Nilimwonyesha kwa mikono jinsi wanavyokaangwa. Akafunga begi haraka, akanipungia niondoke, na sijui mpaka leo kama alinihurumia au alijihurumia.

Zaituni alikuwa ametuma mtu anipokee, msichana aitwaye Espérance, Mkongo wa Bukavu. Mimi nilijua nitafute msichana wa Kiafrika mwenye heshima zake, yeye alijua atafute mwalimu wa Ujiji aliyevaa baibui. Lakini mimi nilitishwa na watu kuhusu baridi, nikavaa koti la mtumba la mwanamume na kofia ya sufu iliyofika nyusi. Naye alivaa suruali na nywele za bandia za rangi ya dhahabu. Tulisimama ubavu kwa ubavu muda mrefu mno, kila mmoja akimkasirikia mwenzake ambaye hakuja. Mwisho abiria walipokwisha, akavuta pumzi puani, akanigeukia.

"Pardon, maman. Harufu ya ndagala hii, inatoka ku Kigoma?"

Nilimkumbatia. Nikamuuliza Zaituni yuko wapi.

"Maman Zaituni? Leo eko ku kazi, ku Uccle. Atarudia mangaribi."

Kazi! Mwanamke anayezidi miaka sabini! Huko Uccle, Espérance akanieleza tukiwa kwenye treni ya kuingia mjini, wanakaa watu wenye nyumba kubwa na bustani. Basi nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Mama yangu mkubwa, aliyewatetemesha wanaume wa Buyenzi, anasugua sakafu za matajiri uzeeni. Mnanijua nikikasirika. Niliapa moyoni kwamba hata kama kuna tajiri wa kugombana naye, nitagombana naye kwa Kiswahili.

Saint-Josse

Anakaa Saint-Josse, mtaa mdogo uliojaa watu kama kisanduku cha kibiriti: Waturuki wenye mikate yao mirefu, Wamorokko, Warundi, Wakongo, duka juu ya duka. Chumba chake kiko ghorofani, ngazi ni nyembamba, na nilimsikia akizipanda kabla sijamwona. Anapanda, anasimama. Anapanda, anasimama.

Aliingia amevaa kitenge na koti. Kumbukumbu yangu ilikuwa ya mwanamke mrefu. Huyu alinifika begani. Nikapiga goti. "Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba." Akanishika uso kwa mikono miwili. "Ngoja nikuone vizuri. Donc ni weye Saumu? Ule mutoto wa kulialia?"

Nami, mwanamke wa miaka arobaini, mwalimu mkuu msaidizi, nikalia papo hapo. Alicheka mpaka akakaa. Sauti yake ilikuwa ya mama yangu kabisa, na ndiyo iliyoniumiza. Nilifumba macho kidogo nikasikia nyumbani.

Espérance alipika ugali, akakaanga migebuka kwa mawese. Mimi nilikuwa nimeibeba kwa garimoshi na ndege, nimegombana na nusu ya dunia kwa ajili yake, basi nikakaa mbele ya Zaituni kumwangalia anavyokula. Alichukua kipande, akakinusa kwa muda mrefu, akafumba macho. Akaonja kidogo tu, kama anayeonja chumvi ya mchuzi. Akarudisha.

"Nimeshiba, mwanangu."

Nikamjazia glasi ya maji. Akaimimina katika kikombe kidogo cha kahawa, akanywa nusu. Ndizi mbivu nilizonunua kwa Mturuki hakuzigusa. Nikajisemea: amekuwa Mzungu huyu, chakula chetu kinamkera. Niliumia kweli.

"Mama mkubwa," nikasema nilipokwisha kula sahani yangu na yake, "nimetumwa. Mama anasema rudi nyumbani."

Alimuuliza Espérance kama mlango wa chini umefungwa. Kisha akasema, "Jumapili hapa tunapiga kura. Mbele ya Jumapili siondoke. Bon, kisha ya kura tutaongea."

Mimi hilo nikalichukua kuwa ahadi.

Galerie d'Ixelles

Siku zile za kungoja Jumapili alinipeleka Matonge, mtaa wa Waafrika, ndani ya Galerie d'Ixelles, ujia wa maduka wenye saluni zimepangana, kila moja na muziki wake. Espérance anasuka pale. Nilidhani tunakwenda kusalimia. Kumbe Zaituni alikuwa na shughuli.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya wanawake waliokuwa wakisukwa, akangoja. Vichwa vilipofika nusu, upande mmoja umesukwa na upande wa pili uko wima kama ufagio, akaanza.

"Weye, maman. Papiers zako za uraia wa hapa ulipata?"

"Ndiyo, maman."

"Alors Jumapili unapiga kura. Utamupa nani?"

Yule mwanamke akacheka. "Maman Zaituni, mimi politique yao siijue. Bwana ndiye anajua. Ananiambia nifunge macho, niweke alama fasi ile anaweka yeye."

"Bwana yako ana kura yake. Ya kwako anaitakia nini? Yeye iko na vichwa mbili?"

Saluni nzima ikaangua kicheko, na yule mwanamke naye akacheka, lakini hakuwa na pa kwenda. Kichwa nusu hakitoki nje. Zaituni alimweleza polepole nani anataka nini, shule za watoto, nyumba, makaratasi ya wageni. Hakumwambia achague nani. Alimwambia tu aingie kwenye kile chumba kidogo akiwa na akili yake. Akahamia kichwa cha pili.

Nilisimama mlangoni nikishika mdomo. Niliijua kazi ile. Ndivyo alivyofanya Buyenzi, ila kule ilikuwa ni hina. Wakati ule wanawake wengi walikuwa wa ndani, na mwanamume asingemruhusu mtu kuja kumhubiria mkewe mambo ya kura. Lakini mwanamke anayepaka hina hakatazwi mlangoni. Zaituni aliingia na bakuli lake, akampaka mwenye nyumba miguu na mikono, na mwenye hina mbichi hainuki, hapiki, hafungui mlango. Anakaa mpaka ikauke. Hapo Zaituni ndipo alipokuwa akisema. Mimi nilikuwa mtoto, nikimfuata mama, na nakumbuka ile harufu na wanawake wamenyoosha miguu wakisikiliza.

Nilimpenda upya siku ile. Na hasira yangu ya Uccle ikazidi, maana kesho yake alfajiri aliondoka tena kwenda huko kazini kwake, akarudi amechoka hata kuvua viatu hawezi. Nilimvua mimi.

Jumapili ya Kura

Kituo kilikuwa shuleni, karibu na kwake. Alivaa kitenge kipya, akapaka uso poda, akanishika mkono. Njiani alipiga hodi kwenye milango kama mtu anayekusanya wanafunzi: Mturuki mmoja, Wamorokko wawili, Mrundi. Waliokuwa bado usingizini aliwangoja.

"Huku ni lazima," aliniambia tukiwa kwenye mstari. "Ukikosa kuja wanakuuliza sababu. Unasikia, Saumu? Wanakulazimisha!" Alicheka peke yake. Kisha kicheko kikaisha. "Tausi angali amenikasirikia?"

Sikuelewa. "Kwa nini, mama mkubwa?"

"Ile hina."

Nyumbani kwetu kisa hicho hakikusimuliwa chote, mimi nilikijua kwa vipande. Akanisimulia chote palepale kwenye mstari, kwa sauti ya chini, akitazama viatu vyake. Usiku wa kuamkia kura ya kwetu aliwaambia wanawake wote wajipambe, kesho ni kama Idi. Akawapaka mwenyewe, na ncha za vidole akazikoleza zikawa nyeusi, kama za bibi harusi. Asubuhi wakatoka mtaa mzima, wake wa ndani ambao jua hawalijui, wakajipanga. Lakini pale kila aliyekwisha piga kura alichovywa kidole kwenye wino ili asirudie. Karani, mtu wa mbali asiyejua desturi zetu, akamtazama wa kwanza vidole: wewe umekwisha piga, ondoka. Wa pili: ondoka. Wakafukuzwa wote kama wezi, mbele ya waume zao.

"Tulisugua na ndimu, tulisugua na mchanga," akasema. "Hina haiondoke. Mama yako vidole vilitoka damu. Baba yako akacheka mpaka ile rangi ilipoisha yenyewe."

"Na wewe ulipiga?"

"Mimi nilikuwa ndani ya eda, bwana yangu amekufa. Sikupakwa. Vidole vyangu vilikuwa vyeupe, karani akaniambia, weye pita." Akatikisa kichwa. "Ningepita namna gani, mwanangu? Nilitoka ku mustari nikarudi nao."

Nchini kwake hakupiga kura kamwe. Miaka yote hii aliamini mama yangu hakumsamehe. Ndiyo sababu salamu zake zilikuwa fupi vile, nasi tukidhani ni maringo ya Ulaya. Nikamwambia ukweli ninaoujua. Mama hunisimulia mara nyingi kwamba hina anazozikumbuka maishani ni mbili, ya harusi na ya Zaituni, na kwamba ile ya Zaituni ilimpendeza zaidi.

Alinitazama kama anayetaka kunikamata kwa uongo. "Amesema hivyo Tausi?"

"Wallahi."

Zamu yake ikafika. Aliingia, akakaa ndani muda mrefu kuliko mtu yeyote, msimamizi akaanza kuchungulia. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Nilimwambia, "Basi kesho tukashughulikie safari." Akasema, "Kesho twende kwanza ku Uccle. Mimi na weye."

Uccle

Tramu ilitupitisha kwenye miti mingi na nyumba zilizojificha nyuma ya ua. Kichwani nilikuwa napanga maneno ya kumwambia tajiri wake. Nilijiona nikimnyang'anya ufagio.

Tulishuka mbele ya hospitali. Hata hapo bado nilikuwa mjinga, nikajisemea, kumbe anafagia hospitali. Tukaingia chumba chenye vitanda na mashine. Muuguzi akamsalimia kwa jina, akampima uzito, akamwonya kwa kidole, bila shaka kwa yale maji ya kikombe cha kahawa. Zaituni akavua koti, akalala, akakunja mkono wa kanzu. Mshipa wa mkono wake ulikuwa umevimba kama kamba yenye mafundo. Muuguzi akachoma sindano, mashine ikaanza kuzunguka, na damu ya mama yangu mkubwa ikatoka mwilini mwake ikawa inapita kwenye mpira mbele ya macho yangu.

"Ndiyo hii kazi yangu," akasema.

Figo zake zilikufa. Mashine ile inamsafishia damu, inampumzisha siku moja, inamwita tena. Samaki wa chumvi ni sumu kwake, ndizi ni sumu, maji yanapimwa kama dawa. Watu wa Saint-Josse aliwaambia ni kazi kwa sababu hakutaka kuhurumiwa ngazini. Espérance peke yake ndiye anayejua.

Nilikaa kwenye kiti, maneno yangu yote ya kugombana yakiwa tayari na hayana mtu wa kupewa.

"Saumu. Kule Kigoma iko mashine kama hii?"

"Hakuna, mama mkubwa."

"Ujiji?"

Alikuwa ananitania. Ujiji hatuna hata zahanati yenye maji. "Hata Dar sina hakika," nikasema.

"Bon. Basi umejijibu weye mwenyewe."

Alianza kuniuliza habari za ziwa, kama dagaa bado wanaanikwa mchangani, kama wakati wa mbalamwezi wavuvi bado wanapumzika. Aliuliza Tausi anapenda kukaa upande gani wa baraza, anavaa kanga gani, anacheka vipi sasa akiwa hana meno. Nilimwigizia. Alicheka, kisha machozi yakamshuka hadi masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali na mkono mmoja umefungwa, nami nikayafuta kwa ncha ya mtandio wangu.

"Ningetaka kumuona," akasema. "Ningetaka sana, sana."

Mashine ilipokaribia kumaliza alinishika. "Tausi usimwambie hii. Atakaa kila siku anaiona hii mashine kwa macho yake yale hayaone. Mwambie nimekataa."

"Atakasirika, mama mkubwa."

"Akasirike. Hasira haijaua mutu wa kwetu."

Kurudi

Siku niliyoondoka ilikuwa siku yake ya Uccle, kwa hiyo tuliagana ngazini alfajiri, yeye akishuka na mimi nikibaki juu na begi langu. Nilimpigia goti pale pale kwenye ngazi. Aliweka kiganja kichwani pangu akakiacha kwa muda, kisha akashuka, akasimama, akashuka. Espérance alinisindikiza uwanjani, safari hii bila kupotezana. Garimoshi la Kigoma halikuharibika hata kidogo, na mara ya kwanza maishani mwangu nililaani kwamba linawahi, maana nilikuwa bado sijajifunza namna ya kusema.

Mama alikuwa barazani. Alisikia hatua zangu, akasikiliza kama kuna nyingine nyuma yake. Hakukuwa na nyingine. Nilikaa miguuni pake.

"Yuko wapi?"

"Amekataa, mama."

"Amekataa vipi?"

"Amekataa tu. Nimembembeleza, nimelia, amekataa."

Nikajiandaa kwa hasira, na nilikuwa tayari kuibeba. Lakini nilisikia kitu kama kikohozi, nikainua uso, nikakuta anacheka kimya kimya, mabega yakimtikisika, uso mzima umefunguka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi mzima. Zaituni akiugua hakatai kitu, tangu utotoni, hata uji wa shubiri anakunywa. Siku zote hizi nilikuwa naogopa utaniambia amekubali."

Ndivyo alivyo mpaka leo, kila anayekuja anamsimulia kwa furaha kwamba dada yake ana kichwa kigumu. Mkija nyumbani akawasimulia nanyi, chekeni naye.